Mtoto Niliyemuuliza Mno

Juma lililopita nilikwenda kupimwa presha kwenye kituo kimoja cha afya hapa Kalemie, nikakaa kwenye benchi kama mgonjwa mwingine yeyote. Kwenye meza ya kupokea watu alikuwa kijana mwenye shati safi na tablet mpya. Mbele yake alisimama mtoto wa miaka minane hivi, ameshikwa mkono na bibi yake. Kijana alimuuliza mtoto, bila kuinua macho kwenye kioo chake, kama baba yake yuko hai, kama mama yake yuko hai, anaishi na nani, walitoka wapi, wao ni kabila gani. Aliuliza kwa sauti nzuri ya kusikika. Benchi zima tukasikia majibu. Mtoto alipofika kwenye swali la mama alitazama vidole vya miguu yake, bibi akajibu kwa niaba yake kwamba yule alishakufa. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu akasema polepole, "Aa, njo maana," kama mtu aliyekuwa akitafuta jibu hilo siku nyingi.

Sikumkaripia yule kijana. Nilifanya kazi ileile kwa miaka mingi kuliko umri wake, na niliifanya kwa sauti kubwa kuliko yake. Presha yangu ilikutwa juu. Nilipofika nyumbani niliomba kaye, daftari la shule, kwa mjukuu wangu nikaanza kuandika. Maneno haya ni yenu ninyi mnaoandikisha watoto hospitalini, ninyi mnaogusa kioo pale tulipokuwa tunachovya kalamu. Majina ya watu humu nimeyabadilisha. Jina la mtoto mmoja sitaliandika kabisa, hata la kubuni.

Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, minerval, ada ya shule, ilipokosekana, na kusema kweli hata ingepatikana sijui kama ningekaa. Miguu yangu haikupenda mahali pamoja. Nilipakia mahindi kwenye treni ya kwenda Kongolo. Nyunzu nilikaa msimu mmoja na nusu kwa sababu mashine ya treni iliharibika, nikataka kuona itatengenezwaje. Nilibeba maharagwe kutoka Kirungu, juu kule kwenye baridi, kushuka kwa njia za miguu mpaka kwenye mitumbwi ya Moba. Popote nilipofika niliuliza: hili mnaliitaje, huyu ni nani wa nani, kwa nini mlima huu haulimwi. Wapakizi wenzangu waliniita Swali. Walikuwa wakisema, mwiteni Swali aje ale, asije akauliza chakula kimepikwa na nani.

Kazi ya kuandika niliipata kwa sababu ya ugonjwa huohuo wa kuuliza. Siku moja nilimleta kituoni mwenzangu aliyevunjika mkono bandarini. Mwandikaji wa pale alikuwa mzee mwembamba, Papa Mulongo. Yeye akiandika, mimi nikiuliza: kwa nini unaandika jina la baba na huandiki jina la chombo kilichomvunja? Kwa nini mistari mingine ni myekundu? Mtu asiyejua umri wake unamwandikaje? Alivumilia maswali kama saba. Kisha akanisukumia kalamu na kusema, "Shika. Ukiandika utanyamaza." Nilishika. Nilikaa kwenye kiti kile mpaka macho yaliponishinda, na kunyamaza sikuwahi.

Papa Mulongo alinifundisha mambo ambayo tablet yenu haina. Mama akija na mtoto na hajui mwaka aliozaliwa, usimlazimishe. Muulize mtoto alizaliwa kabla au baada ya kitu fulani ambacho mtaa mzima unakikumbuka: paa la kanisa liliporuka, meli ilipokwama, mwaka ndagala, dagaa wetu wa ziwani, walipojaa mpaka wakatupwa. Mwambie mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, ana umri wa kuanza shule. Asipolifikia, bado. Mtazame meno. Na mama akikwambia mtoto ana miaka mitatu huku mtoto mwenyewe amekaa anasoma tangazo la ukutani kwa sauti, andika anachosema mama, lakini mwambie infirmiye, yaani muuguzi, pembeni, kwa sababu dawa hupimwa kwa mwili, haipimwi kwa maneno.

Hayo niliyapenda. Mengine ya Papa Mulongo niliyaona ya kizamani. Hakuuliza dirishani. Alitoka nje na kaye yake, akachuchumaa mbele ya mgonjwa, akauliza kwa kunong'ona kama padri. Akiandika, aliuficha ukurasa kwa mkono wa kushoto, kama mwanafunzi anayeogopa jirani kumwibia jibu. Jioni aliifunga rejista kwa kipande cha kitenge cha mke wake na kuiweka kabatini. Foleni ilikuwa haisogei. Watu walilalamika, nami nililalamika pamoja nao.

Tena aliacha visanduku vitupu. Akimwandika mtoto, jina, umri, mtaa, ugonjwa, basi. Nilipomuuliza kwa nini kabila hakuliandika na nafasi ipo, alinijibu bila kuinua kichwa, "Kabila haliingii ndani ya sindano." Nilidhani ni uvivu wa mzee.

Alipostaafu, mwezi uleule nilifungua dirisha. Nilikaa ndani, watu nje, nikauliza kwa sauti, wakajibu kwa sauti. Foleni ikakimbia. Infirmiye mkuu, Mama Feza, mwanamke mkali aliyependa mambo yaishe kabla ya jua kuwaka, alinisifu. Nami nikajiona mjuzi.

Niwape moja la kuchekesha, maana tulilicheka sana. Siku ile matokeo ya maabara yalitoka mengi, na mimi nilikuwa na haraka. Nikapiga kelele dirishani, "Mama ya mutoto wa minyoo, karibu!" Akina mama watatu walitazama juu kama wanaotafuta mvua. Hakuna aliyesogea. Nikarudia kwa jina la mtoto. Mwenyewe akaja, amekunja uso, na benchi likacheka mpaka wagonjwa wa malaria wakacheka. Shuleni yule mtoto aliitwa Minyoo. Leo ni mwanaume mzima, anaendesha pikipiki ya abiria, ana mke na watoto wawili, na ukimtafuta kwa jina lake la ubatizo hutampata. Muulizie Minyoo, kila mtu atakuonyesha. Yeye mwenyewe anacheka. Mara moja tu, alipokuwa amenibeba, aliniambia kwamba mkewe alimuuliza jina hilo lilitoka wapi akamdanganya. Sikumuuliza alimdanganya nini. Ilipaswa kunitosha kama onyo, lakini nililichukulia kama kichekesho.

Kisha vita vya huko ndani, upande wa Nyunzu, vikaleta watu mjini. Wengine walikaa kambini, kwenye mahema na majani. Wengine walipokelewa na ndugu, na wengine na watu wasiowajua kabisa. Mnajua jinsi ilivyokuwa. Kabila hili liliua la pili, la pili likaua la kwanza, na hapa mjini waliofiwa wa pande zote walichota maji kwenye bomba moja. Watu walitembea na maneno yao mdomoni, wamefunga meno. Mtu aliyejua kunyamaza alinyamaza.

Wakati huo ulikuja mradi wa msaada na fomu mpya. Zilikuwa ndefu, na za watoto ndizo zilizokuwa ndefu zaidi: jina, umri, jinsia, kijiji cha asili, kabila, mwenyeji au mkimbizi wa vita, anaishi na nani, huyo ni mzazi au siyo. Lengo lao halikuwa baya. Walitaka kujua watoto gani wanapungukiwa, wapi, ili wawapelekee. Watoto waliokimbia vita na wanaotibiwa walipewa unga na mafuta. Msimamizi wa mradi, kijana mpole mwenye miwani, alipopita kukagua fomu zangu alikuta hakuna kisanduku kitupu hata kimoja. Vituo vingine viliacha nusu. Akaibandika fomu yangu moja ukutani iwe mfano. Ndiyo, ukutani, na majina yake. Wala yeye wala mimi hatukuona kosa. Nilipita mbele yake kila asubuhi, nikitazama mwandiko wangu.

Mama Zawadi alikuwa muuza samaki. Familia yake ni ya hapahapa ziwani tangu zamani, anakausha ndagala na kuuza mikebuka mibichi kwa beseni kichwani. Alikuja na msichana wa miaka kumi na moja hivi, mwembamba, ana kovu juu ya jicho, anakohoa. Nikauliza dirishani: huyu ni nani wako? Akasema, "Njo mutoto yangu wa pili." Niliandika. Maabara ikasema ni kifua kikuu. Kwa kifua kikuu ni miezi sita ya vidonge, na asiyemaliza amejidanganya. Mama Feza alimweleza Mama Zawadi hayo mara tatu, akamwambia arudie, akarudia vizuri.

Walikuja kila juma kuchukua dawa. Mwezi wa kwanza mtoto alikuwa kama fimbo. Mwezi wa pili mashavu yakaanza kurudi. Hakusema neno. Lakini siku moja, alipochomwa kidole kupimwa damu, lilimtoka neno moja la kwao, la mtu anayeumia. Mimi nililijua. Nilikuwa nimekaa Nyunzu msimu mmoja na nusu na treni mbovu, na masikio yangu hayasahau. Lile halikuwa neno la mtoto wa ziwani.

Angekuwa Papa Mulongo, angelisikia na kuendelea kupanga fishi zake, zile kadi za wagonjwa. Mimi lilinila siku nzima. Huyu ni nani? Alifikaje kwa Mama Zawadi? Juma lililofuata Mama Zawadi alikwenda nyuma kumsubiri infirmiye, akamwacha mtoto kwenye benchi karibu na mlango wangu. Nilitoka na karanga. Nikakaa naye. Nikamwambia neno moja la lugha yake, baya, nilivyolikumbuka, akacheka. Lilikuwa cheko la kwanza kumsikia. Kwa watoto nilikuwa na kipaji, vijana, msidhani nilikosa. Unaanza na mbuzi, unauliza mbuzi wenu walikuwa wangapi, walikuwa na majina? Unapita kwenye mbuzi unafika kwenye zizi, kwenye zizi unafika kwenye nyumba, kwenye nyumba unafika kwa baba.

Kabla ya kuniambia habari ya baba aliniuliza, "Papa, nikikuambia, utamwambia nani?"

Nikamjibu, "Hakuna. Ni ya kuandika tu."

Akaniambia yote. Kijiji, baba, kabila lao, asubuhi waliyokimbia, mahali alipoachana na mikono ya wengine. Mama Zawadi alikuwa amekwenda huko ndani kuuza samaki wakavu, akamkuta amekaa kwenye gunia tupu stesheni, peke yake, akamwinua. Njiani alimfundisha jina la ukoo wake na majina ya watoto wake, ili wakiulizwa ajibu. Mtaani kwa Mama Zawadi waliishi watu wengi waliofiwa kwa mikono ya kabila la huyu mtoto. Mama Zawadi mwenyewe alijua. Ndiyo maana alisema ni wake wa pili.

Na mimi nilijua, maana nilikuwa nimeelezwa. Lakini akili yangu ilikwenda kwenye unga. Nilijiambia: mtoto huyu ni mkimbizi wa vita, ana haki ya unga na mafuta, na mama huyu wa watu analisha kinywa kisicho chake bila msaada. Nikaifungua fomu yake, nikasahihisha. Kijiji cha asili. Kabila. Mkimbizi. Anaishi na mama asiyemzaa. Visanduku vyote vikajaa. Nilifurahi, nawaambia ukweli. Nilifurahi kwa ajili ya mtoto, na nilifurahi kwa ajili ya fomu. Sikumwambia Mama Zawadi. Nilitaka awe na mshangao mzuri.

Siku ya kugawa unga uwanja ulijaa. Mradi ulileta orodha iliyotoka kwenye fomu zangu, nami nikaisoma dirishani. Nilipofika kwenye jina la yule mtoto, wakasimama wasichana wawili. Lilikuwa jina lao wote. Yule wa pili alitoka kambini. Wote wawili wakanitazama.

Mnaijua desturi yetu. Wenye jina moja tunawatenganisha kwa walikotoka: yule wa Moba, yule wa Kongolo, yule wa ng'ambo ya daraja. Hatuoni ubaya, hata kanisani tunaita hivyo. Basi nikasoma kilichokuwa kwenye mstari. Nikataja kijiji. Bado wakanitazama, kwa sababu vijiji vyao vilipakana. Nikataja kabila. Na kwa kuwa nilikuwa na haraka, na jua kali, nikamaliza kwa sauti yangu ileile niliyosifiwa kwayo, "Ule mwenye si mutoto wa damu. Ule wa Mama Zawadi."

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa kuwaambia kwamba walipiga kelele, ingekuwa rahisi zaidi kukumbuka. Benchi la mbele, pamoja na Mama Zawadi, walikaa wanawake watatu wa mtaa wake, mmoja wao mume wake alikwenda upande ule kununua mahindi na hakurudi. Yule mwanamke aligeuka, akamtazama mtoto kuanzia miguuni mpaka kwenye kovu. Kisha akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi kati yake na Mama Zawadi. Nafasi ya mtu mmoja hivi. Wengine nao wakasogea.

Mama Zawadi alikuja dirishani. Hakunitukana. Alisukuma nyuma mfuko wa unga niliomtolea, akamshika mtoto mkono, wakatoka.

Jumatatu mtoto alikuja kuchukua dawa yake. Alikuja peke yake, mapema, kabla foleni haijawa kubwa. Alisimama kwenye mlango wangu, akaongea Kiswahili safi cha ziwani alichofundishwa.

"Papa, uliniambia ni ya kuandika tu."

Nilitafuta fishi yake. Alipewa vidonge vya juma moja akaondoka. Sikumwona tena.

Juma lililofuata mstari wake ulibaki mtupu. Nilikwenda mtaani kwao. Parseli, ule uwanja wa nyumba waliyopanga, ilikuwa imefungwa. Jirani alinieleza, bila haya yoyote, kwamba mwenye nyumba alikuwa ameambiwa achague kati ya mpangaji huyo na wengine wote. Kwamba watoto walimfuata msichana bombani wakimwita jina la kabila lake. Kwamba mwanaume mmoja alikuja kumuuliza kaka zake walikuwa wapi siku fulani. Mtoto wa miaka kumi na moja. Mama Zawadi alipakia beseni zake kwenye chombo cha Moba, kwa dada yake.

Nilimwambia Mama Feza kila kitu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaenda ukutani, akabandua ile fomu yangu ya mfano, akaikunja. Akanipa dawa za mtoto za mwezi mzima zilizofungwa vizuri, na barua ya kumhamisha, na ruhusa ya siku kumi. "Mutafute," aliniambia. "Mwezi wa tatu njo mbaya. Muntu anajisikia mzima, anaacha."

Hapo nilijua la kufanya. Kutafuta mtu ndilo nililofanya maisha yangu yote. Nilipanda chombo nikashuka Moba, nikaanza ufukweni. Niliuliza wavuvi, niliuliza wanawake wa ndagala, niliuliza kanisani na sokoni. Na kwa kuwa nilijua kwamba maelezo mengi humsaidia anayeulizwa, nilitoa maelezo mengi. Msichana mwembamba, kovu juu ya jicho, anakohoa, anatoka upande wa Nyunzu, yuko na mama asiyemzaa. Wanaojua kusoma niliwaonyesha barua. Siku ya tatu mtu mmoja aliniambia mama wa namna hiyo alikuwapo, lakini alipanda Kirungu juzi. Nikapanda Kirungu, kwa njia zilezile nilizobebea maharagwe, magoti yakinikumbusha umri. Huko juu niliuliza tena, soko zima, kituo cha afya, mashamba yote ya njiani. Walikuwapo, wakasema. Hawapo tena. Hakuna aliyejua, au hakuna aliyetaka kusema. Siku zangu kumi ziliisha. Nilirudi na dawa mfukoni, Mama Feza akazipokea, akaandika kwenye rejista neno tunaloandika kwa mgonjwa aliyepotea.

Baada ya hapo niliiacha ile sauti. Nilitoka nje na kaye, nikachuchumaa, nikanong'ona. Foleni ikarudi kuwa ndefu na watu wakaninung'unikia. Kabila niliacha tupu. Msimamizi mpya aliponiuliza kwa nini, nilimwambia ajaze mwenyewe. Watoto wenye jina moja niliwapa namba, namba nikaiandika kwenye kikaratasi, kikaratasi nikampa mama mkononi. Rejista niliifunga kwa kitenge. Ni mambo madogo, yanaweza kufanyika hata kwa tablet: igeuze kioo upande wako, mlete mtoto karibu, muulize mkubwa wake kwanza kama swali hili linaweza kuulizwa. Na lile usilolihitaji kumtibu usiliulize, hata kama unatamani kujua, na hasa kama unatamani kujua. Mtoto hajui kukukatalia. Ukimpa karanga na kicheko atakupa roho ya mama yake.

Miaka ilipita. Nilishaacha kazi. Asubuhi moja nilikuwa napita ufukweni, mahali wanapoanika ndagala, nikamwona mwanamke ameinama anawageuza kwa ufagio mdogo. Nilimjua kwa mgongo. Alikuwa amezeeka zaidi ya miaka iliyopita. Nilimsalimu, "Mama Zawadi." Akanyanyuka, akanitazama, akanijua.

Hakukasirika. Aliniambia mwenyewe, kabla sijauliza, kwa sauti ya mtu anayeeleza safari. Moba kwa dada yake walikaa vizuri siku chache. Alikuwa anapanga kumpeleka mtoto kwenye kituo cha pale aendelee na vidonge. Ndipo dada yake akaja mbio kutoka ufukweni na habari kwamba kuna mwanaume anamuulizia mtoto, anajua kovu lake, anajua anakotoka, anajua kwamba si yeye aliyemzaa. Wakaondoka saa ileile kupanda Kirungu. Kirungu walipokelewa. Infirmiye wa huko alimwandika, akampa dawa, akampa blanketi, maana kule kuna baridi. Siku nne. Siku ya tano yule mwanaume akafika sokoni anauliza. Mama Zawadi alimchukua mtoto wakaingia milimani, kwenye vijiji ambavyo hakuna kituo, akaapa hatashuka mpaka mtu huyo achoke kutafuta.

"Alikufa wakati wa baridi," alisema. "Alikuwa anauliza kama ule muntu ameenda."

Nilimwambia. Sikujua kama nimwambie, lakini niliona siwezi kumwacha na mwanaume asiye na uso maisha yake yote. Nilimwambia ni mimi. Nilimwambia nilikuwa na dawa mfukoni, na barua, na kwamba Mama Feza ndiye aliyenituma.

Aliinama tena kwenye samaki wake.

"Ungeuliza mimi," alisema. "Ungeuliza Mama Zawadi wa ndagala yuko wapi. Muuza samaki anaulizwa na kila muntu, hakuna anayeogopa. Ningekuja mwenyewe kukuona, Papa. Ningekuja na yeye."

Aliendelea kufagia, kutoka upande wangu kwenda upande wa maji, nami nikasogeza miguu yangu ili apite.